Nia Huonekana Pale Harakati Zinapokoma

Kwa miaka mingi nilifundisha historia katika shule za sekondari za mkoa wa Kigoma, na karibu kila mwaka niliwapeleka wanafunzi Ujiji, kwenye makumbusho ya Livingstone, mmisionari aliyepinga biashara ya watumwa, mahali alipokutana na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley mwaka 1871. Katika ziara moja, wenzake walipokwenda kutafuta maji ya kunywa, msichana mmoja wa kidato cha tatu alibaki chini ya mwembe akiwa bado ameshika daftari, akaniuliza: "Mwalimu, hawa waliopinga utumwa walitaka kutukomboa, au walitaka nchi yetu?" Nilimjibu kwamba wapo walioongozwa na huruma na wapo walioongozwa na maslahi, na kwamba kwenye mtihani aandike yote mawili. Aliandika. Jibu lile lilimtosha kupata alama, lakini mimi halikunitosha, na halijanitosha mpaka leo.

Swali hilo limenirudia mwaka huu kwa sababu ya kikao kilichofanyika sebuleni kwangu, ambacho nitakieleza bila kumtaja mtu. Kwanza niseme ninachokiamini. Tunapoteza muda mwingi kubishana kama moyo wa mtetezi fulani ulikuwa safi au la, na moyo wa mtu hauonekani. Kinachoonekana ni mahali anaposimama na kusema kwamba hapa panatosha. Harakati yoyote ya kurekebisha jamii hukusanya watu wenye nia mbalimbali, na nia hizo zinaweza kufuatana njia moja kwa miaka bila kugombana, mpaka ifike hatua ambayo itamgharimu mmoja wao kitu asichotaka kukitoa. Hapo ndipo mtu huketi chini, na hapo ndipo tunaweza kumjua.

Chukua mfano ambao kila mwanafunzi wa historia ameusoma. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, na mwaka 1833 likapitisha sheria ya kukomesha utumwa wenyewe katika sehemu kubwa ya makoloni yake. Walioisukuma sheria hiyo hawakuwa kundi moja. Walikuwamo waumini wa madhehebu ya Quaker, walikuwamo wanawake waliokataa kuweka mezani sukari iliyolimwa na watumwa, walikuwamo wafanyabiashara waliochoka kuwalinda wakulima wa Karibiani kwa bei ya juu, na zaidi ya wote walikuwamo watumwa wa Jamaika walioasi mwishoni mwa mwaka 1831 na kuonyesha kwamba utumwa usingeweza kuendelea kwa amani. Wanahistoria wamegombana kwa miongo kadhaa kuhusu nani kati ya hawa alikuwa na uzito zaidi. Mimi naangalia malipo. Serikali ilitenga paundi milioni 20 kwa ajili ya fidia, na fedha hizo wakapewa mabwana. Watumwa hawakupewa hata senti, na juu ya hilo walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana walewale kwa jina la uanagenzi hadi mwaka 1838. Deni la fidia ile lilimalizika kulipwa mwaka 2015, mimi nikiwa bado nashika chaki.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa hapa kwetu, nami husikitika kwamba unafundishwa kwa haraka. Mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri, waliinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani. Bismarck, kansela wa Ujerumani, alihitaji fedha za vita, na chama cha Zentrum, yaani chama cha Wakatoliki bungeni, hakikuwa na hamu ya makoloni. Mwaka huohuo Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Mapadri Weupe, alikuwa akizunguka miji mikuu ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa katika Afrika, na maneno yake yaliwachoma watu wengi ambao sina sababu ya kutilia shaka huruma yao. Bismarck aliiona njia. Mwanzoni mwa mwaka 1889 bunge la Ujerumani lilipitisha sheria ya kutoa mark milioni 2, na sheria hiyo ilitaja makusudi yake mawili kwa pumzi moja: kuzuia biashara ya watumwa, na kulinda maslahi ya Ujerumani katika Afrika ya Mashariki. Fedha zikapatikana, ofisa wa Kijerumani Hermann von Wissmann akaajiri askari, na Abushiri akanyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huohuo. Miaka michache baadaye vita vikafika bara. Mwezi Januari 1893 ngome ya mtemi Isike wa Unyanyembe, pale Tabora, iliangushwa, na Isike akachagua kujilipua kwa baruti kuliko kushikwa.

Sasa nchi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, wala hapakuwa na mtu wa kuwazuia kutimiza neno lile la kwanza katika sheria yao. Hawakulitimiza. Waliwakamata wafanyabiashara wa watumwa njiani, hilo ni kweli na lisifutwe, lakini utumwa wenyewe waliuacha ubaki halali, kwa sababu maofisa waliwahitaji wenye watumwa kama washirika wa utawala, na waliogopa kwamba mashamba na misafara ingekosa mikono. Waliruhusu mtumwa ajikomboe kwa fedha, na mwaka 1904 wakatangaza kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 atakuwa huru. Zaidi ya hapo hawakwenda. Sheria iliyofuta utumwa katika Tanganyika ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza, yaani miaka 33 baada ya mark zile milioni 2 kutolewa.

Mimi ni Mmanyema wa Ujiji. Mama mzaa bibi yangu alivushwa ziwa kutoka upande wa Kongo akiwa msichana mdogo, na nyumbani kwetu neno lililotumika lilikuwa hilohilo, "alivushwa", na hakuna mtoto aliyethubutu kuuliza alivushwa na nani. Ninapohesabu miaka, naona kwamba aliishi chini ya bendera ya watu waliokuja kwa jina la kumkomboa, akazaa, akazeeka, na karibu muda wote huo sheria yao ilimhesabu kuwa mali ya mtu. Kwa hiyo ninapozungumza habari za mahali harakati zinapokoma, simzungumzii mtu wa mbali.

Siku ambazo hewa ni safi, kutoka Kigoma tunaiona milima ya Kongo ng'ambo ya maji, na huko ndiko ulikofanyika udanganyifu mkubwa kuliko wote. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliita mkutano Brussels mwaka 1876, akazungumza kuhusu sayansi na kuhusu kukomesha biashara ya watumwa, na jumuiya iliyotokana na mkutano ule ikajenga kituo Karema, kwenye mwambao wa ziwa letu upande wa kusini, mwaka 1879. Hata mapatano ya Brussels ya mwaka 1890, yaliyoitwa mapatano ya kupinga utumwa, yalimpa nafasi ya kutoza ushuru kwa bidhaa zinazoingia Kongo, nchi aliyokuwa akiitawala kama mali yake binafsi, jambo ambalo mkutano wa Berlin ulikuwa umelikataza. Matokeo yake yanajulikana: mpira uliokusanywa kwa mjeledi, wake waliowekwa rehani, mikono iliyokatwa.

Aliyeufichua udanganyifu huo, Edmund Dene Morel, alikuwa karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, na kazi ilimpeleka mara kwa mara bandari ya Antwerp. Pale aliona meli zikija kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe za ndovu, na zikirudi zimebeba zaidi bunduki na risasi, bila bidhaa za kutosha kulipia shehena ile. Kutokana na hesabu hiyo alitambua kwamba watu wa Kongo hawakuwa wakilipwa, bali walikuwa wakilazimishwa. Aliacha kazi, mwaka 1904 akashirikiana na Roger Casement, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza huko Kongo, na wengine kuanzisha chama cha kudai mageuzi Kongo, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi nchi ile kwa serikali ya Ubelgiji. Ninamheshimu Morel kwa dhati. Hata hivyo, waliomsaidia hawakuwa wote na nia moja. John Holt, mfanyabiashara wa Liverpool, alichukizwa na ukatili, na wakati huohuo biashara yake katika Afrika Magharibi ilitegemea masoko yaliyo wazi, masoko ambayo mfumo wa Leopold uliyafunga. Morel mwenyewe aliamini kwamba haki ya Mwafrika ni haki ya kuuza mazao yake kwa uhuru, na imani hiyo ilimtosha kuivunja mihimili ya Leopold. Haikumfikisha mbali zaidi. Mwaka 1920, Ufaransa ilipowaweka askari Waafrika katika bonde la mto Rhine, mtu huyuhuyu aliandika kwa chuki juu ya askari hao, akiwaeleza kama wanyama wanaotishia wanawake wa Ulaya. Mwafrika aliyevuna mpira alistahili kutetewa naye. Mwafrika aliyesimama katika mji wa Ulaya na bunduki begani hakustahili.

Sisi tuliosoma madrasa tulifundishwa mapema hadithi ya Mtume isemayo kwamba hakika amali zote huhesabiwa kwa nia, na kwamba aliyehama kwa ajili ya kupata dunia au kuoa mwanamke, kuhama kwake ni kwa lile alilolihamia. Siipunguzii hadithi hiyo neno lolote. Ninachosema ni kwamba hesabu ile ni ya Mwenyezi Mungu, naye ndiye ajuaye yaliyomo vifuani. Sisi tumepewa kuhesabu kitu kingine, ambacho ni kama yule aliyetetewa alifika alikopaswa kufika.

Nije sasa kwenye kikao chetu. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina wanawake wa Ujiji na mtaa wa jirani, na miezi kadhaa iliyopita mwenzetu mmoja alimkuta stendi mtoto wa kike wa miaka kama 12, amekaa juu ya mfuko wake wa nguo, hana nauli. Alichukuliwa kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa, akawekwa kulea mtoto mchanga na kutembeza karanga jioni. Tulimpeleka ustawi wa jamii, na tangu siku hiyo tukaamua kwamba kikundi kizungumzie habari za wasichana wa kazi, tujiwekee masharti sisi wenyewe kwanza, kisha tuwaombe majirani wayafuate.

Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Alikuja mama mmoja mwenye biashara ya chakula, ambaye kwa mwaka mmoja alikuwa amepoteza wasichana watatu waliovutwa na jirani kwa mshahara mkubwa zaidi, naye alitaka mshahara uwe mmoja mtaa mzima ili mchezo huo uishe. Alikuja bwana aliyekuwa akijiandaa kugombea udiwani. Walikuja vijana wa shirika moja wakiwa na karatasi ya mahudhurio na shilingi elfu kumi ya nauli kwa kila aliyesaini, na sitadanganya, safu za nyuma zilijaa kwa ajili ya ile elfu kumi. Alikuja mwanamke wa makamo ambaye ujanani alifanya kazi za ndani Dar es Salaam. Na mimi mwenyewe nilikuwapo, mwenye nyumba, ambaye tangu kustaafu sikuwa nimesimama mbele za watu wakaniita Mwalimu kwa sauti ile ya zamani, na nilikuwa nimeikosa sana.

Sharti la kwanza, kwamba tusimwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14 kama sheria ya ajira inavyosema, lilipita bila mjadala. La pili, mshahara utolewe tarehe inayojulikana, lilipita kwa nguvu za yule mama wa chakula, na lazima nimpe haki yake: baada ya kikao alizunguka nyumba kwa nyumba kwa majuma mawili akilisimamia, na leo wasichana wengi wa mtaa huu wanapata fedha zao tarehe 5, kwa sababu ya mtu ambaye nia yake ilikuwa wasimkimbie. Nia yake na faida yao zilikuwa njia moja hadi hapo.

Sharti la nne ndilo lililotusimamisha. Lilitaka mshahara uingie kwenye simu ya msichana mwenyewe na si kwa mjomba au shangazi aliyemleta mjini. Wengine walisema fedha zikishikwa na msichana atapata kiburi, wengine kwamba wazazi watalalamika. Likaahirishwa. La tano lilihusu saa 24 za mapumziko kila wiki, ambazo zimo katika sheria ileile ya mwaka 2004 tuliyoitumia kwa furaha kwenye sharti la kwanza. Yule mama wa chakula aliuliza, "Jumapili atapika nani?" Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, na ukimya ule ulikuwa wa kuafikiana. Mwanamke aliyewahi kufanya kazi Dar es Salaam alisimama peke yake. Alisema, "Nilikaa mjini pale miaka minne sijaiona bahari." Akaketi.

Wakati anasema maneno hayo, binti anayeishi na kufanya kazi kwangu, aliyetoka Kasulu, ana miaka 19, alikuwa akipita katikati ya viti na birika la chai na sahani ya mandazi. Hakuna aliyemwambia aketi. Hakuna aliyemuuliza. Mwenyekiti aliposema wanaotaka sharti la tano lisubiri wanyooshe mikono, mimi nilinyoosha. Magoti yangu hayaniruhusu kuinama kufua, na Jumapili ndiyo siku wajukuu wangu wanakuja. Hayo ndiyo niliyoyafikiria, na niliyafikiria haraka, kabla sijafikiria jambo lingine lolote.

Usiku ule nilikaa macho muda mrefu. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu kwa zaidi ya miaka thelathini kuhusu serikali zilizoacha utumwa uendelee kwa sababu ya hofu ya kukosa mikono, na hofu hiyohiyo ilikuwa imeunyanyua mkono wangu.

Asubuhi nilimuuliza binti, akiwa anachambua dagaa kwenye ungo, angefanya nini kama angekuwa na siku yake. Alidhani namtega. Nilipomuuliza tena alisema, "Bibi, kwanza ningelala. Halafu ningeenda kanisani, halafu Kibirizi, nikaone boti zinavyopakia." Aliendelea kuvunja vichwa vya dagaa na kuviweka pembeni, kisha akaongeza, bila mimi kuuliza, kwamba mshahara wake wa miezi minane umekuwa ukipokelewa na mjomba wake, na kwamba hajui kama mama yake amewahi kuona chochote. Vijana wa shirika walikuwa wamependekeza tuwatafutie wasichana cherehani na masomo ya jioni, na hayo ni mambo mema, lakini yeye hakuyataja.

Tangu siku ile mara nyingi nimekuwa nikimkumbuka Adrian Atiman. Alizaliwa katika nchi za mto Niger, akatekwa akiwa mtoto, akakombolewa kwa fedha na Mapadri Weupe, wakamsomesha uganga Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kituo kilekile kilichoanzishwa kwa jina la jumuiya ya Leopold na baadaye kukabidhiwa kwa mapadri. Waliomnunua hawakuficha kwamba walitaka wakristo na wasaidizi wa misheni, na mtoto aliyekombolewa hakuulizwa kama anakubali. Atiman alibaki Karema akitibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 ya vidonda vilivyooshwa na wagonjwa walioinuka haiwezi kuhesabiwa kuwa ya Leopold, wala sidhani kwamba inatosha kuiita ya Lavigerie. Kazi ile ilikuwa yake, na ilikwenda mbali kuliko mpango wa mtu yeyote aliyemgusa njiani. Namkumbuka kwa sababu kuharibika kwa nia za watetezi hakuwafanyi waliotetewa kuwa watu wa kusubiri tu. Wao pia wana nia zao, na mara nyingi hizo ndizo ambazo hazijaulizwa.

Mshahara wa binti sasa unaingia kwenye simu yake. Mjomba alikuja kulalamika, nami nilimkaribisha, nikamsikiliza, nikamwambia aulize kwa mwenye fedha. Jumapili ni yake. Jumapili ya pili wajukuu walikuja watano, na mwanangu wa kike alipika huku akinung'unika, nami nikamwambia kwamba ana haki ya kunung'unika lakini asimpigie simu binti. Haya ni ya nyumba moja tu, na yule bwana wa udiwani hatujamwona tena tangu kura za maoni zimalizike, na karatasi ya mahudhurio nayo haijarudi.

Nimemwandikia katibu barua kuomba ajenda mbili zilizoahirishwa zirudishwe, na kwamba safari hii wasichana wenyewe waitwe, wakae, wazungumze kabla yetu. Katibu alinipigia simu, kwa heshima kabisa, akasema, "Mwalimu, tukiwaita wenyewe kikao kitabadilika." Nikamwambia najua. Tulinyamaza kidogo wote wawili, kisha akasema ataiweka kwenye ajenda lakini haahidi kura yake, na mimi nikamshukuru kwa kuwa amesema ukweli.

Kikao ni Jumamosi ijayo saa kumi jioni, hapahapa kwangu. Chai nitaichemsha mimi, na nimeazima viti sita kwa jirani.